Dresa Aliyepima Kifua cha Ukuta

Athanas Maduhu alikuwa na jina la ubatizo, jina la ukoo, na jina la tatu ambalo hakuna padri aliyemnyunyizia maji kwa ajili yake. Hilo la tatu, Daktari wa Ukuta, alipewa na wanawake wa kisimani mwaka 1951, na kwa jinsi alivyolitangaza mwenyewe ungedhani ni nishani kutoka kwa Gavana. Kila dresa mpya aliyeletwa kujifunza kufunga vidonda na kugawa dawa kwenye dispensari yake, karibu na Didia, alionyeshwa ukuta wa nyumba kabla ya kuonyeshwa kabati la dawa. "Huyu," Athanas alisema, akiupigapiga kwa kiganja kama mfugaji anayemsifu ng'ombe wake, "ndiye mgonjwa niliyempima vizuri kuliko wote. Mapafu yake hayakuwa na kasoro hata moja."

Ujinga wake hakuzaliwa nao. Aliusomea, tena kwa bidii. Miaka sita alikuwa msaidizi wa mganga kwenye mgodi mmoja huko Nyarugusu, wakati wanaume wa kila kabila walikuwa wakimiminika kutafuta dhahabu. Walishuka shimoni wakiwa weusi na kupanda wakiwa weupe kwa vumbi la mawe, na walikohoa mpaka mabati ya kambi yakaitikia. Athanas alizizoea sauti zile kama mchungaji anavyozijua kengele za ng'ombe wake. Akiwa amelala kitandani, mtu akipita nje akikohoa, yeye alitoa hukumu bila kufungua macho: huyu vumbi, huyu nimonia, huyu tumbaku tu, anajidekeza. Mara nyingi alipatia, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wenyewe, maana mtu anayekosea kila siku hujifunza mapema. Alitoka Nyarugusu akiwa na kanuni moja kichwani, kwamba kifua kibovu hupiga kelele. Watoto wachanga mgodini hawakuwapo, kwa hiyo hakuna aliyempinga.

Mwaka 1950 alipata kazi ya dresa katika dispensari ya serikali ya wenyeji, karibu na kwao. Alipewa koti jeupe, saa ya mfukoni, mipira ya kusikilizia vifua, na nyumba ya udongo hatua hamsini kutoka kazini. Alirudi nyumbani kichwa kimevimba kuliko jipu lolote alilowahi kulipasua.

Akamwoa Melania, binti wa watu waliokaa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Pamoja na mke, akapata mkwe. Kwa Wasukuma wa siku zile, mkwe wa kike hakuwa mtu wa kutazamwa. Mwanamume na mama mzaa mkewe hawakukutana uso kwa uso, hawakukaa chumba kimoja, hawakutajana majina. Mmoja akimwona mwenzake njiani aliacha njia. Aliyevunja mwiko huo alilipa mbuzi, na aibu juu yake. Athanas hakuwahi kulitamka jina la mkwe wake, nami kwa kumwonea haya nitamwita Mama Melania tu.

Wengine walilegeza kidogo mambo hayo siku zilivyokwenda. Athanas aliyakaza. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba suruali na vitabu vya Kizungu vimemwondolea adabu, naye akaamua kuwaonyesha kwamba adabu anayo, tena ya kuuza. Siku moja alipomwona mkwe wake akija kwenye kijia cha mashamba ya pamba, hakutosheka na kupisha kama watu. Alirukia kichaka cha miiba. Mama Melania alipita zake polepole, ameinamisha uso, na waliokuwa wakipalilia wanasema mabega yake yalikuwa yakitikisika. Suruali ya kazi ilishonwa sehemu tatu. Athanas aliivaa ile suruali kwa fahari, kama cheti.

Mwezi wa tatu mwaka 1951 Melania alishikwa na uchungu, mimba ikiwa ya miezi saba. Akaitwa mama yake, naye akafika kabla jua halijafika utosini, anahema. Athanas alichukua blanketi lake akahamia chumba cha stoo kule dispensari, maana nyumba yake sasa ilikuwa na mkwe ndani na mlango ulikuwa mmoja tu. Yeye aliyekuwa akiwagombeza wanaume wa Didia kwa kutowaleta wake zao mapema kujifungua dispensari, mke wake alijifungulia ndani ya nyumba, na yeye akasikia habari kama jirani.

Alizaliwa mtoto wa kike. Walisema ana urefu wa kiganja na nusu, na ngozi nyembamba hivi kwamba ungehesabu mishipa. Mama Melania hakupoteza muda kushangaa. Alichambua pamba ya msimu uliopita, akaijaza kwenye kapu, akamlaza mtoto humo, akamzungushia vibuyu vya maji moto vilivyofungwa kwa nguo. Mtoto hakuwa na nguvu za kunyonya, kwa hiyo maziwa ya mama yalikamuliwa, kikachovywa kinyuzi cha pamba, akawa anafyonza tone kwa tone. Athanas, akisimama nje chini ya kidirisha kilichozibwa kwa gunia, aliulizia kila kitu na kila kitu akakipitisha. "Mwambie Mama hapo amefanya vizuri," alimwambia mkewe, kwa sauti ya mtu aliyebuni mpango wote.

Siku tano zikapita salama. Kule kwenye benchi la wagonjwa Athanas alieleza jinsi mtoto wa miezi saba anavyotakiwa kutunzwa, na watu wakamsikiliza wakidhani amemwona.

Asubuhi ya siku ya sita Melania alimwita kutoka ndani. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Baba, Mama anasema mtoto ameacha kufyonza pamba."

"Ana homa?"

Kukawa na minong'ono. "Hana. Mama anasema ana baridi. Miguu ni ya baridi na vibuyu viko moto."

"Anakohoa?"

"Hakohoi."

"Analia?"

"Tangu jana hajalia."

Athanas alivuta pumzi ya kushukuru. "Basi mna wasiwasi wa nini? Hana homa, hakohoi, halii. Huyo mtoto mpole tu. Amefuata upande wa baba."

Hapo Mama Melania akazungumza. Hakuzungumza na Athanas, hilo lisingewezekana. Alizungumza na binti yake aliyelala karibu naye, ila kwa sauti iliyofika kisimani. "Mwambie mumeo nimezaa tisa na kuzika watatu. Sijaona mtoto mpole wa siku sita. Mpole wa siku sita ni yule anayeondoka. Mwambie mbavu zinazama ndani kila akivuta pumzi, na pua zinatanuka. Anahema kama kifaranga aliyefukuzwa na mwewe."

"Mama anasema..." Melania alianza.

"Nimesikia," Athanas alisema.

Alikuwa amesikia kweli. Ila hakujua la kufanya na alichosikia. Mtoto asingeweza kutolewa nje, kwa kuwa kitovu kilikuwa hakijadondoka na mila haikuruhusu. Yeye asingeweza kuingia, maana mkwe alikuwamo. Kumwomba mkwe atoke ili yeye aingie kungekuwa sawa na kumfukuza, na mtu aliyerarua suruali kwa ajili ya adabu asingeanza kufukuza wakwe. Angeweza kuuvunja mwiko, akalipa mbuzi, yakaisha. Wazo hilo lilimpitia, mwenyewe alikiri baadaye. Akaliachia wazo hilo njia, kama alivyompisha mkwe wake.

Badala yake akafanya jambo la kisomi. Alitoa mipira ya kusikilizia mfukoni mwa koti, akaitia masikioni, akasogea usawa wa mahali alipodhani kapu limewekwa, akaweka kile kikombe cha chuma kwenye ukuta wa udongo. Akafumba macho. Akahama kidogo kushoto, akasikiliza tena, kama alivyofundishwa kupima upande wa pili wa kifua. Alisikia mchwa wakitafuna fito za ukuta, wakiwa na afya njema.

"Safi," akasema. "Hakuna kelele."

Alipofumbua macho alimwona Scolastika, mke wa katekista, amesimama njiani na mtungi kichwani. Aliutazama ukuta, akapita zake. Ila mwanamke anayetoka kisimani na habari kama ile hahitaji kusema mbele yako. Kufika adhuhuri, Didia nzima ilijua dresa amempima ukuta.

Shuleni kwa mapadri Athanas aliandikishwa methali hamsini kwa mwandiko wa kupendeza. Mojawapo ilikuwa ile ya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Alipata alama zote kwa mwandiko.

Kesho yake asubuhi dispensari ilikuwa imejaa. Athanas alikuwa akifunga kidonda cha mguu cha mzee mmoja aitwaye Januari, mtu mwenye heshima na mguu unaonuka, watu wengine ishirini wakiwa kwenye mabenchi. Ghafla nje kukawa kimya. Akainua macho. Mama Melania alikuwa amesimama mlangoni, uso wazi, kapu limekumbatiwa kifuani.

Watu wote wakageuza nyuso. Wanaume walitazama dari, wanawake walitazama vidole vya miguu yao. Athanas naye, mkuu wa dispensari, mwenye dhamana ya afya ya vijiji vinne, alichutama nyuma ya meza na kujifunika koti lake jeupe kichwani.

"Mama, rudi," Mzee Januari alisema taratibu, akitazama ukuta. "Humu yumo mkweo."

"Namjua aliyemo. Nimemfuata yeye."

Athanas alisikia miguu yake ikizunguka meza. Aliona, kwa chini ya pindo la koti, vidole vya miguu vyenye vumbi la njiani vikisimama mbele yake. Hapakuwa na kichaka.

"Athanas," mama mkwe akasema. Kulitaja jina peke yake kulitosha kuwa mbuzi wa pili. "Toa hilo koti usoni. Aibu tutailipa kwa mbuzi. Mtoto hatuwezi kumlipa kwa mbuzi. Nitazame mimi, kisha umtazame mtoto."

Akalitoa koti. Akamtazama. Ulikuwa uso wa mwanamke wa kawaida, umechoka, macho mekundu kwa moshi na kukesha, na una kidevu kilekile cha Melania. Alichokuwa akikikimbia mwaka mzima kilikuwa hicho tu. Kisha akatazama ndani ya kapu, na yote aliyokuwa akiyajua kuhusu vifua yakamwacha.

Mtoto hakukohoa. Hakuwa na homa. Alikuwa amelala kimya juu ya pamba, midomo imegeuka rangi ya wino, na kila pumzi ilizivuta mbavu ndani mpaka ikaonekana kama kifua kinajaribu kujificha nyuma yake chenyewe. Pua zilikuwa zikitanuka, vilevile alivyoambiwa. Athanas alitoa saa akahesabu. Pumzi themanini na sita kwa dakika. Akaweka kile kikombe cha chuma. Kilifunika kifua chote. Kwa ndani kabisa, chini ya yale mapigo ya moyo yanayokimbia, alisikia mlio mdogo mno, kama punje za chumvi zikianguka kwenye makaa chumba cha pili. Nimonia. Ilikuwa ileile ya Nyarugusu, ila huyu hakuwa na nguvu za kuitangaza. Kukohoa ni kazi ya mtu mwenye nguvu. Homa nayo ni moto, na moto unataka kuni. Huyu hakuwa na kuni.

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na aliona haya kuliko alivyokuwa akiogopa. Siku nzima ilikuwa imepotea kwa sababu ya adabu yake.

Dawa ilikuwapo. Kabatini mlikuwa na vichupa kumi na viwili vya penisilini, vilivyoletwa kwa ajili ya wenye kaswende, na Athanas baadaye hakuacha kumkumbusha Bernadina, ndilo jina alilobatizwa mtoto, kwamba maisha yake aliazimwa na wazinzi wa wilaya. Ila kitabu cha dawa kiliandika kipimo cha mtu mzima na cha mtoto wa kutembea. Mtoto wa kapu hakikumtaja. Ilibidi ajulikane uzito. Dispensari ilikuwa na mizani ya kupimia watu, nayo mtoto alipowekwa haikujisumbua kusogea. Mama Melania alibeba kapu hadi kwa Mwarabu mwenye duka, mtoto akawekwa kwenye sahani ya mizani ya sukari akiwa na pamba yake, kisha pamba ikapimwa peke yake. Akabaki ratili tatu na wakia mbili. Athanas akagawanya, akarudia kugawanya, akachanganya dawa na maji yaliyochemshwa, akavuta kiasi kidogo hata bomba likaonekana tupu. Kisha akatafuta nyama pajani pa kuchoma sindano. Haikuwapo. Mama Melania aliikusanya ngozi kwa vidole viwili akamshikia.

"Hapa," akasema.

Siku nane walikaa hivyo chumba kimoja, mchana na usiku, katika ile stoo iliyokuwa chumba chake cha uhamishoni. Mama Melania alimtoa mtoto kapuni akamweka kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akafunga kaniki juu yao wote wawili. Melania alijikokota kuja kukamua maziwa. Athanas alichoma sindano mara nne kwa siku na kuhesabu pumzi kila saa. Themanini na sita. Themanini na nane. Siku ya tatu, sabini na tano. Mkwe na mkwe walizungumza kila siku uso kwa uso, na mazungumzo yao yote yalikuwa namba. Hata mara moja hakumwambia, "Nilikuambia." Athanas aliingoja kauli hiyo siku zote nane kama mtu anayengoja kiboko, na ilipokosa kuja ikamuuma zaidi.

Siku ya nane, wagonjwa wakiwa wamejaa kwenye mabenchi, mtoto alilia. Kilikuwa kilio chembamba chenye hasira, na kilipofika nje Mzee Januari alivua kofia. Athanas alisimama katikati ya stoo, bomba la sindano mkononi, akalia naye. Hakujificha, na wala hakukuwa na koti la kutosha. Mama Melania alimfungua mtoto kifuani, akampa Melania, akaitandaza kaniki yake, akajifunika uso. Kisha akampa Athanas mgongo akatoka. Adabu ikarudi mahali pake kama vile haikuondoka.

Wiki iliyofuata Mama Melania akaleta mbuzi. Mila ni mila. Aliyevunja mwiko alikuwa yeye, kwa hiyo alilipa yeye. Athanas anasema mtu mwenye akili angemrudisha yule mbuzi na wawili wengine juu. Yeye alimchinja. Alimla mguu wa kwanza, alimla na wa pili, supu akanywa, ndipo likamjia wazo kwamba mama wa watu ametozwa faini kwa kumwokolea mwanawe. Ila nyama ilikuwa imekwisha kuliwa.

Miaka ikaenda. Bernadina alikua, akawa mtoto mwenye kelele kuliko wote wa Didia, na baba yake hakumkataza hata siku moja. Akiletewa mtoto mchanga, Athanas hakuuliza tena kama anakohoa. Alimvua nguo, akazitazama mbavu, akatoa saa, na bibi wa mtoto akianza kusema yeye alinyamaza. Uso wa mkwe wake hakuuona tena. Wakikutana njiani kila mmoja alishika upande wake, ila Athanas hakurukia tena miiba.

Masika ya mwaka 1959 ikaja habari kwamba Mama Melania amelala siku tatu, kifua kinambana, na amekataa kubebwa kupelekwa dispensari. Alikuwa amesema kwamba dresa wa pale ni mkwewe, na mbuzi mmoja kwa maisha ya mtu anatosha.

Athanas alifunga mkoba wake. Kisha akaenda zizini, akachagua beberu mkubwa, akamtia kamba, akashika njia. Beberu yule hakuwa na haraka ya kumtibu mtu yeyote, na kwa mwendo wa saa mbili walivutana kwenye matope, kila mpita njia akisimama. "Dresa," mmoja aliuliza, "unakwenda kutibu au kuposa?" Athanas akajibu kwamba anakwenda kulipa deni la kesho.

Mlangoni aliketi shemeji wa mgonjwa, mzee mkali aitwaye Maige. Alimtazama Athanas, akamtazama beberu.

"Mkwe, humo ndani yumo," akasema.

"Shikamoo, Baba. Najua yumo." Athanas alimfunga beberu kwenye nguzo ya mlango, mafundo mawili. "Nimelipa kwanza. Sasa naingia."

Akaingia. Mama Melania alisikia hatua zake, akavuta kaniki usoni, akageukia ukutani. Alikuwa amekonda. Athanas alipiga magoti, akatoa mipira yake, akaweka kikombe kwenye mgongo uliokuwa ukichemka, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia.

"Unasikia nini?" sauti iliuliza kutoka ndani ya kaniki.

"Kelele, Mama."

"Nyingi?"

"Nyingi sana."

Mgonjwa alikohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza, mabega yake yaliendelea kutikisika.

"Basi nitapona," akasema. "Za kelele unazijua."

Athanas akacheka, na machozi yakamtoka palepale, akayafuta kwa kiwiko, akavuta dawa.